Shukrani Iliyotangulia Uponyaji

Sifa zote ni kwa Mungu aliyeumba kinywa na tumbo na akaweka koo katikati, kazi ambayo niliiona ya kawaida mpaka uzee huu. Namshukuru kwa pumzi, kwa mahindi ya msimu uliopita ijapokuwa yalikuwa machache, na kwa magoti ambayo bado yanakunjika nikiomba, ingawa kukunjuka ni habari nyingine. Namshukuru pia kwa ndugu zangu wa kanisa, aliowajalia kipawa cha kujua kwamba mgonjwa amepona kabla mgonjwa mwenyewe hajaarifiwa.

Nataka kusimulia habari za mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili, na ugonjwa wake wa kutokula. Ruhusa nimepata kwake. Alinipa sharti moja tu, nisimfanye malaika. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, maana nimeishi naye nyumba moja.

Msomaji ajue kwanza tunavyoitana. Alipozaliwa alipewa jina la marehemu mke wangu, kama desturi yetu Wakamba inavyotaka. Kwa hiyo baba yake humwita mwaitu, yaani mama, na shangazi yake, binti yangu wa kwanza, humwita vivyo hivyo. Ni heshima kubwa. Tangu akiwa kwenye nepi amekuwa mama wa watu wenye mvi. Mimi ananiita Umau, yaani babu, na kwa haki ya jina lake ananigombeza kuhusu viatu vya matope kama alivyonigombeza mwenye jina wa kwanza. Namjibu kama nilivyomjibu yule wa kwanza, yaani sijibu.

Wazazi wake wote wawili walifanya kazi katika viwanda vya Athi River, kwa hiyo likizo zake alizimalizia kwangu, kwenye shamba letu nje kidogo ya Machakos mjini. Alikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni alipoanza kurudi nyumbani akiwa amekonda. Likizo ya kwanza tulilaumu chakula cha shule. Likizo ya pili tulilaumu mitihani. Ya tatu, alipokuwa anavaa sweta mbili katika jua la Desemba na kugawa chakula chake kwa mbwa, tuliishiwa na wa kulaumu, ndipo majirani walipokuja kutusaidia.

Wa kwanza alisema ni minyoo. Wa pili alisema vidonda vya tumbo, akanitajia mti. Wa tatu, mama mmoja mwenye umri wa kutosha kujua mambo, alinivuta pembeni akaniambia mtoto ana mimba. Nilipomkumbusha kwamba wenye mimba huongezeka, akasema hiyo ni aina nyingine.

Kisha akaja mzee mwenzangu wa kanisa, mtu aliyesoma, akasema huo ni ugonjwa wa wazungu. Sisi, alisema, tunaijua njaa. Tulipokuwa watoto tulipanga foleni ya mwolyo, kile chakula cha msaada cha miaka ya ukame, na mtu aliyetoka katika foleni ile hawezi kuzaa mtoto akazaa mjukuu wa kukataa chakula kilicho mezani. Nilimshukuru kwa ufafanuzi. Kumbe magonjwa yana uraia. Malaria ni yetu, taifodi ni yetu, sukari na presha tulikabidhiwa baadaye tulipoonekana tuko tayari, lakini huu ulikuwa haujaruhusiwa kuvuka mpaka. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa amemwambia mtoto.

Siku alipoanguka karibu na tangi la maji tulimpeleka hospitali. Walisikiliza moyo wake, wakasikiliza tena, wakaacha kutabasamu. Alilazwa siku hiyo hiyo. Baadaye tuliitwa na daktari wa magonjwa ya akili, mwanamke mpole mwenye miwani, na nikaenda na binti yangu wa kwanza, yaani shangazi, kwa sababu shangazi katika familia yetu ndiye msemaji, ateuliwe asiteuliwe.

"Unaitwa anoreksia," daktari alisema. "Si kiburi, wala si kukosa hamu ya chakula tu. Ni ugonjwa wa akili unaoukamata mwili."

"Akili?" shangazi alisema. "Daktari, huyu mtoto anapata A ya hesabu."

"Hata wao huugua, mama."

"Sawa. Sasa atapona lini? Agosti tuko na harusi."

Daktari aliweka kalamu chini. Namkumbuka kwa hilo, kwamba aliweka kalamu chini kabla ya kusema. "Hapa hatuwezi kupanga kwa Agosti. Wengi hupona, na wengine hupona kabisa, lakini mara nyingi huchukua miaka. Kuna wanaopata nafuu, wakarudi nyuma, wakapata nafuu tena. Kuna wanaoishi nao kwa muda mrefu kama mtu anavyoishi na pumu. Na kuna tunaowapoteza, siwezi kuwaficha hilo. Akitibiwa mapema na asiachwe peke yake, nafasi yake ni nzuri zaidi. Huyu hatujachelewa sana naye."

Nje mtu alikuwa anaburuta kitanda cha magurudumu. Shangazi alikuwa amesikiliza kila neno, na nilimwona akilipima.

"Kwa hivyo Septemba," akasema.

Mjukuu wangu alipotoka wodini, daktari alitupa masharti. Asile peke yake. Mtu aketi naye kila mlo, ale naye, wazungumze mambo mengine. Tusimsifu akila, tusimgombeze asipokula. Na juu ya yote, tusiutaje mwili wake. Tusimwambie amekonda, na tusimwambie amenona. Hapo shangazi aliuliza, kwa dhati kabisa, sasa watu watamsalimuje. Alikuwa na haki ya kuuliza. Daktari alikuwa ametunyang'anya salamu zetu mbili kwa mpigo.

Kazi ya kuketi naye nilipewa mimi. Shule ilikuwa imekubali akae nyumbani mpaka apate nguvu, wazazi walikuwa kiwandani, na shangazi alijaribu siku moja tu. Siku hiyo alikula mwenyewe chakula cha watu wawili huku akieleza utamu wake, kama mtu anayeuza. Mimi nilikuwa nimestaafu ualimu, sina haraka, na maishani nimewahi kusikiliza mahubiri marefu kuliko mlo wowote. Walisema nina subira. Nadhani walimaanisha sina kazi.

Basi tuliketi. Asubuhi uji, mchana muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharage, jioni ugali na mboga, na kati yake vitu vidogo vilivyoamriwa na mtaalamu wa lishe. Sitasema ilikuwa kama sala, kwa sababu sala yangu haijawahi kuchukua muda mrefu hivyo wala kupoa hivyo. Mtoto aliitazama sahani kama mtu aliyepelekewa hati ya mahakama. Siku nyingine alilia bila sauti na machozi yakaingia kwenye maharage.

"Umau, unanitazama."

"Namtazama ng'ombe, hapo dirishani."

"Hakuna ng'ombe hapo."

"Ndiyo maana natazama. Labda ameibwa."

"Hatujawahi kuwa na ng'ombe upande huo."

"Basi wizi wenyewe ni wa zamani."

Alicheka, na katika kucheka kijiko kikaingia. Niliendelea kutazama ng'ombe wangu asiyekuwepo, nikamshukuru Mungu kwa ajili yake, maana alitulisha wengi.

Ilikwenda hivyo muda mrefu. Kulikuwa na wiki njema na wiki ambazo sitaki kuzirudia. Polepole akarudi shuleni, sasa shule ya kutwa, akawa na rangi, akaanza tena kunigombeza kuhusu viatu. Kliniki waliniambia tunaenda vizuri na tusipunguze kasi. Nami nilikuwa nimeanza kulala usiku.

Ndipo shangazi alipokuja na mchungaji.

Mchungaji wetu wakati huo alikuwa kijana, mwenye moyo mwema na kinanda kipya. Walikaa sebuleni, wakanywa chai, wakanieleza kwamba Mungu ametenda na haifai kunyamaza. Ingefanywa ibada ya shukrani hapa nyumbani. Mjukuu wangu atoe ushuhuda. Watu wa ukoo waje, hata wale wa Kithimani, kwaya iimbe, mbuzi wachinjwe. Na kwa kuwa ugonjwa ulikuwa wa kutokula, shangazi alisema, na hapa macho yake yalijaa machozi ya kweli, basi mtoto apewe sahani mbele ya watu wote, ale, kila mtu ashuhudie.

Nawaomba wasomaji wangu watulie hapa kidogo na kulitafakari wazo hili. Mtu aliyepona mguu huombwa atembee. Mtu aliyepona macho huombwa asome. Kwa nini basi mtu ambaye hofu yake kuu ni kula akitazamwa asiombwe kula akitazamwa na kata nzima? Lina mantiki. Ni mantiki ambayo ingeweza kubuniwa na watu wanaompenda sana tu.

"Daktari hajasema amepona," nilisema.

"Mzee," mchungaji alisema kwa upole, "tukingoja daktari aseme, imani yetu iko wapi?"

"Iko jikoni, inakula chakula cha mchana. Nimeiacha huko ili nije kuwasikiliza."

"Baba, usianze," shangazi alisema.

"Mchungaji, unamkumbuka yule kipofu ambaye Bwana alimgusa mara mbili? Mara ya kwanza aliona watu kama miti inayotembea. Sikumbuki kusoma kwamba baada ya mguso wa kwanza kijiji kiliagiza tenti."

Mchungaji alicheka na kuniambia hilo ni fundisho zuri, ataliweka katika mahubiri. Shangazi hakucheka. "Tenti imeshaagizwa," alisema, na hapo mjadala uliisha. Kwetu jambo linaweza kurudishwa nyuma na mvua, na msiba, na hata uchaguzi, lakini tenti ikishaagizwa hata malaika hushauriwa wapishe.

Nilimwendea mjukuu wangu jikoni nikamwambia anaweza kukataa, mimi nitabeba maneno.

"Wacha tu, Umau," alisema. "Wakishafurahi, wataniacha."

Siku yenyewe ilikuwa nzuri. Nasema hivi kwa shukrani, kwa sababu watu walifanya kazi. Viti vyeupe vilipangwa mpaka kwenye mihogo. Kulikuwa na pilau, chapati, muthokoi, mbuzi wa kuchoma na wa kuchemsha, na soda zenye rangi zote ambazo Mungu hakuumba. Mjukuu wangu aliketishwa kwenye meza ya mbele iliyopambwa maua, akiwa peke yake upande mmoja, akiwatazama watu wote, kama bibi arusi aliyetorokwa. Mimi nilivuta kiti changu nikakaa pembeni ya meza, ingawa kijana wa itifaki aliniambia wazee wako tenti ya pili.

Alisema maneno machache, kwamba anamshukuru Mungu, madaktari, na babu yake ambaye hajui kusema uongo kuhusu ng'ombe. Watu hawakuelewa lakini walipiga makofi. Kisha shangazi akaleta sahani.

Alikuwa ameijaza kwa mikono yake. Sitaki kumwonea, alijaza upendo wa miaka yote. Pilau ilikuwa chini, ukipenda kuamini kwamba chini ilikuwepo, na juu yake nyama, na juu ya nyama chapati, zimekunjwa kuzuia maporomoko. Mchungaji alichukua kipaza sauti. "Na sasa wapendwa," alisema, "tutashuhudia kwa macho yetu."

Na walishuhudia. Simu ziliinuliwa. Alipoweka kijiko cha kwanza mdomoni, akina mama walipiga vigelegele. Cha pili, vigelegele. Kinanda kilipata wazo, kikaanza kusindikiza. Mbuzi waliochinjwa asubuhi ile walipewa faragha zaidi, maana wao walipelekwa nyuma ya jiko. Nilijaribu kumsemesha, nikamuuliza habari za mawingu, lakini sauti yangu haikuweza kushindana na spika zile.

Akaja nyanya mmoja wa upande wa Kithimani, mzee sana, akamshika mashavu kwa mikono miwili. "Sasa umenona, mwaitu," alimwambia kwa furaha kubwa, karibu na kipaza sauti. "Sasa umekuwa mtu."

Niliona kijiko kikirudi sahanini. Hakukitupa. Alikiweka polepole, kama mtu anayeweka kitu ambacho hatakihitaji tena, akatabasamu kwa ajili ya picha. Picha ile ipo. Shangazi aliitundika ukutani kwake.

Asubuhi iliyofuata hakuja mezani. Wala mchana. Nilikaa na sahani mbili mpaka zikapoa, nikafunika yake kwa sahani nyingine. Hivyo ndivyo tulivyoanza tena, na safari hii haikuwa mwanzo wa mwanzo, ilikuwa chini ya hapo. Kabla mahindi hayajavunwa alikuwa wodini, mwembamba kuliko mara ya kwanza, na daktari yule yule akasikiliza moyo wake akaniambia nje ya mlango, "Mzee, kaa karibu."

Kanisani tulipata tatizo la utawala. Mtu ambaye amekwisha kutangazwa amepona hawezi tena kuorodheshwa miongoni mwa wagonjwa wa kuombewa. Uponyaji wake ulikuwa umesimuliwa mpaka katika mkutano wa wachungaji. Kwa kuwa Mungu hakosei, na mchungaji alikuwa amekwisha kusema, na kinanda kilikuwa kimepigwa, aliyebaki kuwa na makosa ni mgonjwa. Wakasema amepoteza imani. Wakasema amefungua mlango. Shemasi mmoja alikuja wodini na biblia kubwa, akavuta kiti.

"Mwanangu," alimuuliza, "jichunguze. Ni kitu gani kilifungua mlango?"

Mjukuu wangu hakuwa na nguvu ya kuinua kichwa. Alifikiri kidogo.

"Pilau," akasema.

Shemasi aliandika. Mimi nilitoka nje kwenye ukumbi, nikacheka mpaka muuguzi akaniuliza kama nina shida, na nilipomaliza kucheka nikajikuta ninalia.

Niliomba sana siku zile. Sikuomba muujiza wa kujaza tenti, maana niliona jinsi tunavyoitumia miujiza. Niliomba kikombe kimoja cha uji, kisha kesho yake kingine, kama wale waliookota mana jangwani wakiambiwa wasiweke akiba. Mungu alinipa. Mara nyingine alinipa nusu kikombe, na nikasema asante kwa sauti ile ile.

Hakumchukua. Nasema hivyo kwa hofu, kwa sababu kwenye benchi la kliniki tulikaa na wengine. Kulikuwa na msichana aliyepona kabisa, akaacha kuja, na tulifurahi kutomwona. Kulikuwa na mama wa makamo, mfanyakazi wa ofisi, aliyezaa akalea, ambaye ameishi na ugonjwa huu tangu kabla haujakubaliwa kuwa upo hapa kwetu. Aliniambia kila mlo kwake bado ni mjadala, lakini siku hizi yeye ndiye hushinda mara nyingi. Na kulikuwa na binti mmoja mcheshi, wa rika la mjukuu wangu, ambaye tulihudhuria mazishi yake. Msemaji pale alisema aliugua kwa muda mfupi. Wazazi wake walitazama chini.

Miaka imepita. Mjukuu wangu alimaliza shule, akasomea upimaji wa ardhi, na sasa anafanya kazi upande wa Konza, ambako amepanga chumba. Nimeona jambo la ajabu kuhusu Konza. Mji ule wa teknolojia tumeambiwa ni mradi wa muda mrefu, tukakubali. Mtu akipita Barabara ya Mombasa akaona nyasi na jengo, husema, "Hatua kwa hatua." Hakuna anayemshika mtu mlangoni mwa kanisa kumuuliza kama Konza imepona. Lakini mtoto wa watu alipewa mpaka Septemba.

Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka. Wikendi alikuja nyumbani, tukala pamoja, na katikati ya wiki alikula peke yake kwa shida. Kazi ikizidi, milo ilipungua. Mwaka jana, Ijumaa moja, alinipigia simu.

"Umau, nimeanza kuteleza tena. Kliniki wamejua, tunapanga. Lakini nataka kukuambia kitu. Ile meza ya hapo nyumbani ndiyo inanishika. Nikishindwa kula hapo, sina mahali pengine."

Nilimwambia meza ipo. Sikuwa na habari kwamba Jumamosi hiyo hiyo shangazi naye alikuwa amepanga kuja, na hakuja mikono mitupu. Alikuja na wazo.

Tulikuwa tunapakua chakula cha mchana alipoingia. Alimkumbatia mpwa wake, akaketi, akavua viatu, akafungua moyo. "Mwaitu, watu wanauliza. Sasa uko na kazi, uko na afya. Ile shukrani ya kwanza shetani aliiharibu. Tufanye nyingine, ndogo tu. Watu wa karibu. Na wale wa Kithimani. Na kwaya. Nimeongea na mtu wa tenti."

Nilimtazama mjukuu wangu. Alikuwa ameshika mgongo wa kiti, na vidole vyake vilikuwa vyeupe. Nilijua kwamba akitoka chumbani wakati ule, Jumamosi ijayo angepata kazi ya dharura Konza, na ile baada yake pia. Nilifungua kinywa ili nibebe maneno, lakini yeye aliniwahi.

"Shangazi, umekula?"

"Bado."

"Basi kaa tule. Na unisikize. Unataka kunishukuria Mungu?"

"Kabisa. Hata leo."

"Usiangalie sahani yangu."

Shangazi alingoja sehemu iliyobaki. "Halafu?"

"Hiyo tu. Mpaka nimalize kula. Usiangalie sahani, usiangalie mdomo, na usiniambie niongeze. Ukiweza hiyo, nitakuja hapa kila Jumamosi na utanikuta."

"Na tenti?"

"Hakuna tenti, shangazi. Mkiiweka, sitakuja hata siku ya mazishi ya Umau."

"Mimi nahusishwaje?" nilisema.

"Hiyo ya sahani ni rahisi," shangazi alisema, akavuta kiti. "Mimi si mtu wa kuangalia watu wakila."

Nimeona watu wakijitahidi. Nimeona watu wakichimba visima kwenye mwamba kwa jembe. Lakini sijaona bidii kama ile ya binti yangu kwenye mlo ule wa muthokoi. Alitazama kalenda ya ukutani mpaka akaisoma yote, pamoja na jina la duka. Alitazama paa. Alinitazama masikio, akaniambia yana nywele. Macho yake yaliposhuka kuelekea sahani ile, aliyarudisha juu kwa nguvu, kama mtu anayevuta mbuzi kutoka shamba la jirani, na jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Yule jirani wako," alisema kwa sauti kubwa mno, "alichimba borehole?"

"Alichimba," nilisema.

"Maji yako aje?"

"Ya chumvi."

"Chumvi sana?"

"Ng'ombe wanayanywa wakikasirika."

Kisha tukazungumza habari za chumvi. Sikujua kwamba watu watatu wanaweza kuzungumza juu ya maji ya chumvi kwa muda mrefu hivyo. Mjukuu wangu alieleza kuhusu ardhi na mwamba, mambo ya kazi yake, na shangazi akauliza maswali, mwanzoni ili apate mahali pa kuweka macho, na baadaye kwa sababu kweli alitaka kujua. Ilikuwa mara ya kwanza, nadhani, kumuuliza mpwa wake juu ya kitu kisichopita kooni.

Tulipomaliza, shangazi alisimama kukusanya sahani. Aliibeba ya mpwa wake akiwa amegeuza uso pembeni kabisa, akagonga bega kwenye mlango, akaendelea. Kwa hiyo mpaka leo hajui iliachwa nini. Mimi pia sisemi. Jioni ile alipiga simu kwa mtu wa tenti akiwa uani, nikamsikia akibishana, na aliporudi hakueleza chochote. Jumamosi iliyofuata mjukuu wangu alikuja. Shangazi alikuja pia, akiwa amejiandaa na habari mpya za maji.

Sijui mwisho wake. Daktari anasema bado njia ni ndefu na kwamba mtu anaweza kufika, hata baada ya kuteleza mara nyingi, hata baada ya miaka mingi. Mimi ni mzee, na huenda nisiwepo siku hiyo. Kiti changu kitakaliwa na binti yangu, ambaye anaendelea kujifunza kutazama paa. Namwachia Mungu mengine, naye hajawahi kuniuliza kwa nini mtoto anachelewa.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akubariki. Abariki chakula chako na mtu unayekula naye. Kama nyumbani kwako kuna anayeiogopa sahani, Mungu akupe cha kuzungumza kwa muda mrefu, macho yenye adabu, na kesho nyingine ya kuketi naye. Na kama anayeiogopa ni wewe, Bwana akushike mkono, akuguse mara nyingi kadiri utakavyohitaji, na akulete mezani kwa amani. Amina.